Hakuna Kula Kabla ya Mfalme

Nyumbani kwa Jeptoo, pale Manassas karibu na reli, mbuzi wa Krismasi huliwa saa nne na robo asubuhi, na mgeni akishangaa, hiyo ni juu yake. Wengine wote mtaani wangali na nguo za kulalia, wanafungua zawadi na kunywa kahawa. Kwa Jeptoo sufuria zimeshapangwa mezani, zimefunikwa, na hakuna mkono unaoruhusiwa kugusa kifuniko mpaka mfalme wa Uingereza amalize kuwahutubia watu wake. Zamani alikuwa malkia. Malkia alipofariki watu walidhani mambo yatabadilika, lakini wapi. Alibadilika msemaji tu, sufuria zikaendelea kungoja.

Sheria hiyo aliileta Mzee Phineas Mutai, baba yake Jeptoo, alipokuja kutoka Kericho kuishi na binti yake na kumsaidia kulea watoto. London ikiwa saa tisa mchana, Virginia huwa saa nne asubuhi, na kwa kuwa mfalme hangehamisha hotuba kwa ajili ya watu wa Manassas, Mzee alihamisha chakula. Kila Krismasi aliketi mbele ya televisheni, amevaa koti na tai, mjukuu mmoja kulia na mwingine kushoto. Hotuba ilipokwisha na wimbo wa taifa la Waingereza ukaanza, alisimama. Alisimama wima, mikono ubavuni, macho mlangoni, mpaka noti ya mwisho. Halafu alisema, "Haya," na vifuniko vikatolewa.

Kusimama huko kulisemwa sana. Kanisani Wakenya wenzake walimtania kwamba Uhuru ulifika kila mahali ila kwake haukubisha hodi. Jirani yao Spéciose, mama Mkongo kutoka Uvira, aliona ni adabu tu ya watu wazima, na kila mwaka alikuja na bakuli lake la sombe, yaani kisamvu, akangoja kama wengine. Mzee hakumjibu mtu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na juu ya jambo hili hakuwa na hata hayo machache.

Mwaka huu mambo yaliharibika mapema, mwishoni mwa Novemba, siku ile Wamarekani wanapokula bata mzinga. Mzee alikuwa amejinyoosha chumbani kwake, mlango uko wazi kidogo. Mjukuu wake mkubwa, Chepkirui, anayesoma chuo kikuu kule College Park na kufanya kazi ya kutunza wazee siku za mapumziko, alikuwa sebuleni akipiga gumzo na rafiki zake kwenye simu. Walikuwa vijana wa huku na huko, mmoja wazazi wake wametoka Ghana, mwingine Jamaika, na kwao wote ufalme ule uliwahi kutawala, wapende wasipende. Mmoja akauliza kama duniani amebaki kijana yeyote anayefuata hotuba ile ya Krismasi. Wakaangua kicheko. Chepkirui naye akacheka, akasema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba hakuna mtu wa rika lao anayefuata kitu hicho, ni mabibi na mababu tu, na babu yake ndiye bingwa wao wote.

"Wimbo ukianza anasimama," alisema. "Anasimama pale kama mtumishi wa nyumba kubwa anayengoja kuitwa. Mimi hata sijui niangalie wapi."

Kama angesema babu yake ni mzee mshamba, Mzee angecheka peke yake na kugeukia ukuta. Kama angesema kibaraka wa wakoloni, pia angelimeza, maana alikwisha kulisikia kanisani kwa maneno ya heshima zaidi. Lakini alisema mtumishi. Mzee alilala pale chali, macho darini, akasikia uchungu unampanda kifuani kama mtu aliyemeza chai ya moto.

Ilikuwa hivi. Baba yake Mzee Mutai alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la chai, na enzi hizo mpishi aliitwa boi hata kama kichwa kimejaa mvi. Alilala huko huko, kwenye chumba nyuma ya jiko la bwana, na nyumbani kwake alionekana kwa nadra. Mke na watoto waliishi bondeni, kwenye vibanda vya wafanyakazi. Siku ya Krismasi alipika kuliko siku zote. Jioni, kabla jua halijazama, wazungu wa mashamba ya jirani walikusanyika barazani, redio ikawekwa juu ya meza, na mpishi akaambiwa abaki jikoni asigonganishe hata kijiko mpaka malkia amalize.

Mutai na ndugu zake walijibanza kwenye ua wa miti chini ya bustani. Sauti ya redio iliwafikia vipande vipande, tena kwa Kiingereza ambacho hawakujua hata neno lake moja. Walichokijua ni mwisho. Mwishoni wimbo ulipigwa, wazungu wakasimama, na watoto pale uani nao wakasimama, kwa sababu wimbo ukiisha mlango wa jiko hufunguliwa. Baba yao alitoka bila aproni, ameshika kifurushi cha kitambaa chenye mabaki ya nyama na kipande cha keki, na watoto wakakimbia kumpokea. Bondeni mama yao alikuwa amepika, sufuria imefunikwa, wala hakupakua mpaka aone mumewe anaingia. Hiyo ndiyo iliyokuwa Krismasi yao.

Hayo yote Mzee hakuwahi kumwambia mtu. Alisoma, akawa mwalimu, halafu mwalimu mkuu, mtu wa tai aliyeogopwa na wazazi wa wanafunzi. Habari ya kuwa mtoto wa boi aliiacha kule kwenye ua wa miti. Alibaki na saa ile ya hotuba tu, na wimbo, na sufuria zilizofunikwa. Hata marehemu mkewe aliondoka akidhani mumewe anampenda malkia kupita kiasi.

Basi akapiga moyo konde. Mwaka huu hatasema neno. Hatawasha televisheni, hatauliza saa, hatamkumbusha mtu. Ikiwa kuna mtoto mmoja katika nyumba hii atakayeikumbuka saa ile kwa hiari yake, vizuri. Ikiwa hakuna, basi imekwisha, nayo ikapumzike na baba yake kule Kericho. Mwenyewe aliita hiyo busara. Mimi naona alikuwa amesusa tu, na wazee wakisusa huwa wanataka sana kubembelezwa, ila hapo hapakuwa na wa kumbembeleza kwa sababu hakuna aliyejua.

Krismasi ikafika na baridi yake. Treni hazikuwa zikipita siku hiyo, na mtaa ulikuwa kimya mpaka ungeweza kusikia mbuzi akichemka. Kwa mara ya kwanza tangu wahamie hapo, Jeptoo alikuwa nyumbani asubuhi ya Krismasi. Miaka mingi alimtunza bibi mmoja mgonjwa huko Fairfax, akalala kwake usiku wa kuamkia sikukuu, akamwogesha asubuhi, akamlisha, akangoja watoto wa bibi waje kumchukua kwenda kanisani. Ndipo alipowasha gari na kurudi kwake. Bibi alifariki, na Jeptoo akapata kazi ya ofisini kwenye kliniki, yenye kiti cha kuzunguka na sikukuu za kupumzika. Mwaka huu aliyekuwa zamu usiku huo ni Chepkirui, katika nyumba ya wazee, huko huko Fairfax.

"Baba, hujavaa tai?" Jeptoo aliuliza, akimpita na sahani za chapati.

"Tai ya nini?"

Jeptoo alisimama, akamtazama vile watu wa kazi yake wanavyomtazama mgonjwa anayekataa kuwa mgonjwa. Akaweka sahani chini, akamgusa paji la uso.

"Unajisikia vizuri?"

"Niko sawa. Endelea na kazi yako."

Jeptoo akaendelea, maana chapati hazijikunji zenyewe. Mjukuu wa pili, Mark, kijana wa shule ya sekondari aliyerefuka ghafla mpaka suruali zake zote zikawa fupi, alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake. Televisheni ilikuwa nyeusi. Mzee alikaa kwenye kiti chake akiwa na sweta la kila siku na ndara, anatazama ule weusi kana kwamba kuna kitu ndani yake.

Spéciose aliingia akivua viatu huku bakuli la sombe liko mkononi. Alisalimia mmoja mmoja kama ilivyo desturi yake, kisha akaona.

"Papa Mutai, mbona télé imezima? Mfalme leo hasemi?"

"Atasema kwao."

"Eh." Spéciose aliweka bakuli mezani, taratibu. "Miye najua hapa kwenu byakula habifunguliwe mbele ya mfalme amalize."

"Mwaka huu kila mtu ajifungulie."

Spéciose akamgeukia Jeptoo, Jeptoo akapandisha mabega. Wanawake hawa wawili walikuwa wamefahamiana muda mrefu wa kutosha kuacha jambo lipite. Spéciose aliketi, akaanza kuulizia habari za kliniki.

Saa nne ikakaribia. Saa ya ukutani Mzee aliiangalia kwa wizi, kama mtoto anavyoangalia kikapu cha mandazi. Alijiambia kwamba hajali. Halafu akajiambia kwamba bado mapema. Mark alicheka na kitu kwenye simu yake. Mshale ukafika mahali pake, ukapita.

"Chepkirui ameniandikia kitambo kwamba ametoka kazini," Jeptoo alisema. "Tumngoje ama tuanze?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe, na Mzee aliona limemfikia yeye. Angeweza kusema tungoje kidogo. Angeweza kusema, Mark, hebu washa kile kidude. Alifyata ulimi.

"Anzeni," akasema.

Jeptoo akafunua sufuria ya kwanza. Mvuke wa nyama ukapanda mpaka kwenye taa. Mark aliinua kichwa kutoka kwenye simu, akaangalia sufuria, akaangalia televisheni, akamwangalia babu yake. Alifungua mdomo. Halafu akaufunga, akajivuta mpaka mezani na kuketi. Kwa Mzee jambo likawa limeamuliwa. Iliuma, tena iliuma zaidi ya alivyotegemea. Alikuwa amejiandaa kukasirika, na kilichomjia ni huzuni tu, ile ya mtu aliyefika kituoni akakuta hata benchi limeondolewa.

Alipewa sahani. Akashika kipande cha nyama, na kabla hakijafika mdomoni macho yake yakapita dirishani. Gari la Chepkirui lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba. Injini ilikuwa inanguruma, moshi mweupe unatoka nyuma, na kichwa cha msichana kinaonekana kupitia kioo, kimeinama.

"Dada yako amefika lini?" Mzee aliuliza.

Mark alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba amekaa pale muda.

"Sasa anafanya nini huko na baridi hii?" Jeptoo alisema. "Mark, kamwite."

"Kaa," Mzee akasema. "Nitaenda mwenyewe."

Maana alikuwa ameelewa, au alidhani ameelewa. Mtoto alijua saa. Alijua kwamba saa hii babu yake anasimama mbele ya televisheni kama mtumishi, na hakutaka kuliona. Alikuwa amekaa nje angoje aibu ile iishe ndipo aingie ndani ale. Mzee aliweka kile kipande cha nyama kwenye sahani, akanawa mkono, akavaa koti la Mark lililokuwa linaning'inia mlangoni, akatoka. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kumwambia mtoto kwamba anaweza kuingia, hakuna la kuonea aibu tena.

Baridi ilimpiga usoni. Alishuka ngazi akishika chuma, akavuka nyasi zilizokakamaa kwa baridi, akagonga kioo cha gari. Chepkirui alishtuka. Alishusha kioo, na joto la gari likatoka pamoja na sauti ya mwanamume, sauti ya mzee Mwingereza anayezungumza polepole. Simu ilikuwa imesimamishwa kwenye dashibodi. Mfalme alikuwa humo, mdogo, amevaa suti.

"Kugo!" Chepkirui alisema. Huko kwao Kugo ni babu, na hilo ni mojawapo ya maneno machache ya Kikalenjin aliyowahi kushika. "Umetoka bila viatu? Rudi ndani, bado hajamaliza."

Mzee aliangalia miguu yake. Alikuwa na ndara na soksi.

"Nimekuja kukuambia uingie," alisema. "Mwaka huu sikufungua televisheni. Hakuna hotuba ndani, watu wanakula. Hutaona aibu."

"Hamjafungua?" Msichana alimkodolea macho. Alikuwa na sare ya kazi ya buluu, na macho yamevimba kwa kukesha. "What do you mean, hamjafungua? Na wanakula? Wanakulaje?"

"Wanakula kama watu wengine. Wewe mbona uko huku?"

"Nangoja wimbo."

"Wimbo wa nini?"

"Ule wa mwisho, Kugo. Barabara ilikuwa tupu leo, nimefika mapema sana. Sasa siwezi tu kuingia katikati. Mum hakuwahi kuingia kabla ya wimbo kuisha." Alisema hayo kama mtu anayeeleza kwamba ukitaka kupita mlango lazima uufungue. "Leo ni mimi nimetoka kazini. So nikasema niwait hapa, ikiisha niingie."

Mzee aliegemea gari. Bati lilikuwa na joto kidogo la injini, na alilihitaji.

"Hukumbuki?" Chepkirui aliendelea. "Mark akiwa mdogo alikuwa analia pale dirishani kila Christmas, anataka Mum. Na wewe unamwambia, kaa hapa, malkia akimaliza kusema, mama atakuja. Na kweli. Wimbo unaisha, tunasikia gari. Kila mwaka. Mimi nilikuwa nafikiri ni malkia anamruhusu."

Mzee hakukumbuka. Yalikuwa maneno ya kumnyamazisha mtoto, ambayo mtu huyasema akiwa na mtoto mmoja gotini na mwingine mguuni, akasahau kabla ya chakula cha mchana. Alijaribu kujisikia akiyasema, na ndipo akakumbuka ni nani aliyemwambia yeye. Alikuwa mama yake, kule bondeni. Kaeni hapa, akimaliza kusema, baba atakuja.

"Lakini nilikusikia," alisema hatimaye. "Ile siku ya bata mzinga. Uliwaambia rafiki zako hakuna kijana anayefuata mambo haya."

Chepkirui alifunika uso kwa mikono, kisha akaufunua.

"Ulisikia yote?"

"Masikio yangu ni mazima bado."

"Pole, Kugo. Pole sana. Nilikuwa nachekesha watu." Alitazama simu, mfalme anaendelea na mambo yake. "Lakini ile sikusema uongo. Simfuati huyu. Ukiniuliza mwaka jana alisema nini, sijui. Hata sasa hivi sijui anaongea nini, I'm not even listening. Huwa nangoja tu amalize."

"Hata mimi," Mzee akasema.

"Hata wewe nini?"

"Hata mimi sijawahi kumsikiliza. Yeye wala mama yake."

Msichana alimwangalia babu yake kwa muda, kama anayengoja kuambiwa ni mzaha. Halafu akaanza kucheka, na Mzee naye akacheka, mpaka yakamtoka machozi ambayo hayakuwa yote ya baridi. Kwenye simu picha ikabadilika, ikaonyesha kwaya.

"Inaisha," Chepkirui alisema. "Kugo, rudi ndani. Please. Nitaingiaje kama wewe uko huku nje?"

Mzee alirudi. Watu waliokuwa mezani walimsikia akipanda ngazi haraka kuliko kawaida yake, wakageuka wakamkuta mlangoni amevaa koti la Mark, anahema.

"Funikeni," alisema.

Jeptoo alikuwa na kijiko cha mchuzi hewani. "Baba, kuna nini? Chepkirui ana nini?"

"Hana kitu. Funikeni sufuria. Mark, washa televisheni, haraka."

Mark aliwasha kabla sentensi haijaisha, na alipata mahali penyewe mara moja, bila kutafuta. Kumbe kidole kilikuwa tayari tangu zamani, kilikuwa kinangoja kuambiwa. Alisema kwa Kiingereza kwamba alidhani Kugo amekasirika, ndiyo maana hakuthubutu kuuliza. Spéciose alikwisha kufunika sahani yake kwa sahani nyingine.

"Voilà," alimwambia Jeptoo. "Si ndiyo byenye nilisema?"

Kwaya ikamaliza ubeti wake, halafu wimbo ukaanza. Mzee alikuwa bado amesimama, hakuhitaji kuinuka. Hakuwa na tai, soksi zimelowa, koti la kijana linamfika magotini. Aligeuza macho mlangoni kama kila mwaka. Safari hii aliangalia na upande wake pia, akaona Mark amesimama, mrefu kumpita, na Mark hatazami televisheni wala simu. Naye alikuwa anatazama mlango. Kumbe siku zote alikuwa anautazama, na Mzee hakuwahi kugeuka kuona.

Wimbo ukaisha. Nje injini ikazimwa, mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo, nyayo zikapanda ngazi, na Chepkirui akaingia na baridi yake, begi begani, na mkononi ameshika kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha karatasi.

Hakuna aliyetegemea kwamba Mzee angefika mlangoni wa kwanza. Ni mtu ambaye kutoka kitini kwenda chooni ni safari ya kupumzika njiani. Lakini alifika kabla ya Jeptoo, kabla ya Mark na miguu yake mirefu, akapokea kile kifurushi mikononi mwa mjukuu wake. Kilikuwa laini, na chepesi.

"Ni keki tu," Chepkirui alisema. "Ya wazee wa kazini. Walibakisha, nikamletea Mark."

Mzee alisimama nayo. Watu waliketi, wakangoja aseme "Haya" vifuniko vitolewe, na hakusema. Aliiweka keki mezani mbele yake bila kuifungua, akavuta kiti.

"Chepkirui aliona kwamba nasimama kama mtumishi," alianza. Jeptoo alimgeukia binti yake kwa jicho kali, lakini Mzee akainua mkono. "Mwache. Mtumishi alikuwapo. Alikuwa baba yangu. Alikuwa mpishi wa mzungu kwenye shamba la chai, na siku ya Krismasi hawakumwachilia mpaka malkia amalize kwenye redio na wimbo upigwe. Sisi watoto tulikuwa tunamngoja kwenye ua. Wimbo ukianza tulisimama, ili ukiisha tukimbie."

Jeptoo alikuwa ameweka kijiko chini. "Baba," alisema, "hukuwahi kuniambia hata siku moja."

"Niliona haya."

Spéciose aliguna taratibu, akitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya kwao. Chepkirui alinyoosha mkono juu ya meza akashika wa babu yake, mkono wenye harufu ya sabuni ya kazini. Aliyesema ni Mark, tena kwa Kiswahili, akiyapanga maneno kwa uangalifu moja baada ya jingine.

"Kugo, alikuwa anawaletea nini?"

Mzee akafungua kile kitambaa cha karatasi. Keki ilikuwa imebonyea upande mmoja kwa sababu ya begi. Aliimega vipande, akampa Mark cha kwanza, akampa Chepkirui, akapeleka kimoja mdomoni mwake.

"Hii," akasema. "Haya, funueni tule."